Siku niliyonyamaza mlimani

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu foleni za ujumbe, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuulizia. Itakuja, msinichoke. Leo nina jambo jingine ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo linahusu theluji.

Ndiyo, theluji. Wale mnaokuja hapa kutafuta msimbo mnaweza kurudi wiki ijayo, ingawa mkivumilia hadi mwisho nadhani mtaona kwa nini nimeliandika hapa.

Mimi ni mtoto wa Nanyuki. Theluji kwangu ilikuwa ule weupe juu ya Mlima Kenya unaoonekana asubuhi kabla mawingu hayajafunga, basi. Haikuwa kitu cha kukanyaga. Nilisoma Sayansi ya Tarakilishi, nikafanya kazi Nairobi miaka kadhaa, kisha mwishoni mwa 2023 nikapata mkataba wa miezi sita na kampuni moja ya Marekani. Walitaka nikae nao ofisini, Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Nilifika Novemba nikiwa na koti nililonunua Gikomba. Muuzaji aliniapia kwamba ni koti la Ulaya. Kweli lilikuwa la Ulaya, lakini Ulaya ya mwezi wa saba.

Salt Lake City iko chini kabisa ya milima ya Wasatch. Ukitoka ofisini jioni unaiona hapo mashariki, imesimama kama ukuta. Wenzangu walikuwa watu wa mlima. Kwetu Ijumaa watu huzungumza mpira. Kwao walizungumza theluji: imeanguka kiasi gani, upepo ulitoka wapi, nani anakwenda Jumapili. Kuna sehemu zinazosimamiwa, zenye viti vya kupandishia watu, ambako wafanyakazi hulipua miteremko hatari kwa baruti kabla watu hawajaanza kuteleza. Na kuna mlima wa nje, usio na tiketi wala mlinzi. Huko unapanda kwa miguu yako na kila uamuzi ni wako. Wenzangu walipenda huko.

Kabla sijafika kwenye kisa chenyewe, acheni nieleze hatari yake, kwa maana mimi mwenyewe niliielewa vibaya. Nilidhani poromoko la theluji ni kama kwenye filamu: mtu anapiga kelele, donge linabingirika, linakua, linameza kijiji. Sivyo. Kelele za mtu haziangushi theluji. Kinachoua watu wengi ni bamba.

Chukua meza, imwagie sukari, halafu ilalishie godoro juu. Sasa inamisha meza pole pole. Godoro halitachurizika kidogo kidogo. Litakaa, litakaa, halafu litaondoka lote kwa mpigo mmoja. Hilo ndilo bamba.

Sukari hiyo hutoka wapi? Mwanzoni mwa msimu theluji kidogo huanguka, kisha zinafuata wiki za anga wazi na usiku wa baridi kali. Ardhi chini ina ujoto kiasi, hewa juu ni barafu tupu. Mvuke hupanda ndani ya theluji ile nyembamba na chembe zake hubadilika umbo. Zinakuwa na pembe pembe na hazishikani tena. Ukizichota mkononi zinamwagika, sukari kabisa. Halafu dhoruba inakuja na kulalisha theluji mpya juu yake. Upepo nao unabeba theluji kutoka upande mmoja wa ukingo wa mlima na kuirundika upande wa pili, haraka kuliko inavyoanguka kutoka mawinguni. Dhoruba ikiisha, anga linakuwa samawati, jua linawaka, na kila mtu anatamani kutoka. Chini ya uzuri wote huo kuna tabaka dhaifu lililobebeshwa mzigo jana tu, na linaweza kubaki dhaifu kwa wiki nyingi.

Kinachobaki ni mtu wa kulikanyaga. Katika ajali zinazoua, takriban mara tisa kati ya kumi, poromoko huanzishwa na marehemu mwenyewe au mtu wa kundi lake. Miteremko inayoporomoka zaidi ni ya digrii 30 hadi 45, na mibaya kuliko yote ni ya digrii 38 hivi. Ole wetu, hiyo hiyo ndiyo mitamu kuteleza. Tena si lazima uwe juu ya mteremko. Ukikanyaga mahali tambarare chini yake, tabaka linaweza kuvunjika hapo, mvunjiko ukasafiri ndani ya theluji hadi juu, na mlima wote ukakushukia kichwani.

Watu wa huko hawaendi kwa kubahatisha. Kila asubuhi ya msimu wa baridi, shirika liitwalo Utah Avalanche Center hutoa ilani. Mimi kama mtengeneza programu niliipenda mara moja. Wana mchoro wa duara uliogawanywa vipande 24: pande nane za dira, mara ngazi tatu za kimo. Kila kipande kina rangi yake ya hatari. Unatazama tu unakokwenda, unaelekea upande gani na kwa kimo gani, unapata jibu. Hatari ina ngazi tano. Ngazi ya 1 ni ndogo, ya 2 ya wastani, ya 3 kubwa kiasi, ya 4 kubwa, ya 5 imepita kipimo.

Angalieni hiyo ngazi ya 3. Iko katikati, kwa hivyo mtu anaisoma kama alama ya C shuleni: si nzuri, si mbaya, tutapita. Maana yake halisi ni kwamba mtu akikanyaga mahali pabaya, kuna uwezekano mkubwa wa kuanzisha poromoko. Vifo vingi hutokea siku za namna hiyo, kwa sababu siku za ngazi ya 5 wengi hubaki nyumbani.

Haya, sasa kisa.

Desemba ile ilikuwa kavu. Katikati ya Januari 2024 ikaja dhoruba ya siku tatu. Barabara za mabondeni zilifungwa, ofisi ikafanya kazi kutoka nyumbani, nami nilikaa dirishani kama mtoto. Jumamosi anga likafunguka. Jioni mkuu wa timu yetu akaniandikia ujumbe: kesho tunakwenda matembezi mepesi, njoo, utapewa vifaa vyote. Nilifurahi sana. Miezi miwili nilikuwa nikisikia habari za mlima, na sasa nimealikwa.

Nikampigia mama. Nilipomweleza hatari ni gani, nilimwambia ni kama yale maporomoko ya ardhi ya West Pokot ya Novemba 2019, yaliyoua watu zaidi ya 40, ila hii ni theluji.

Mama akanyamaza kidogo. "Wale walikuwa wamelala nyumbani kwao, mwanangu," akasema. "Wewe unakwenda mwenyewe."

Nikacheka nikamwambia asiwe na wasiwasi, nakwenda na watu wanaojua.

Tulikuwa wanne. Mkuu wa timu, mtu wa makamo aliyepanda milima ile miaka ishirini. Mtengeneza programu mmoja kutoka Colorado, mchangamfu, mwenye nguvu za farasi. Msichana wa kitengo cha kujaribu programu, ambaye ofisini huongea mara mbili kwa wiki. Na mimi. Wao walikuwa na mbao za kuteleza zenye kitambaa cha kushika theluji wakati wa kupanda. Mimi nilivalishwa viatu vipana vya theluji, nikatembea kama bata.

Pale kwenye maegesho mkuu alinifunza kutumia vifaa. Kila mtu hubeba vitatu: transiva kifuani, ufito mrefu unaokunjwa wa kuchomea theluji, na beleshi. Transiva hutuma mawimbi ya kilohezi 457, na zote duniani hutumia masafa hayo hayo. Ukiwa unatembea, kinatuma. Mwenzako akifukiwa, nyinyi mliobaki mnageuza vyenu vipokee na mnafuata mawimbi yake. Mmoja wenu akisahau kugeuza, mtamtafuta yeye aliyesimama hapo badala ya aliye chini. Rununu nayo iwekwe mbali, angalau sentimita 20 wakati wa kutuma na 50 wakati wa kutafuta, maana huvuruga. Tulifanya zoezi mara mbili. Nikawa nimefurahi kama mtu aliyepata kichezeo kipya.

Kisha mkuu akaniambia kwa nini kila mtu hubeba vyote vitatu. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi za kwanza, wengi wao, karibu tisa kati ya kumi, hupona. Nusu saa ikipita, anabaki kama mmoja kati ya watatu. Hakuna helikopta inayofika ndani ya dakika kumi. "Ambulensi yako," akasema, "ni sisi watatu."

Ilani ya siku hiyo ilisema 3 kwa upande tuliokuwa tukienda, baada ya kushuka kutoka 4. Mpango ulikuwa mzuri: tungekaa kwenye msitu, kwenye miinamo midogo, bila kupita chini ya kitu chochote kikali. Na kwa saa nzima tulifanya hivyo. Sijui niwaelezeje uzuri wake. Miti imeinama kwa mzigo mweupe, hakuna sauti isipokuwa pumzi zako, na jua linapiga hadi macho yanauma. Nilipiga picha arobaini. Upande wa pili wa bonde tuliona mahali palipoporomoka wakati wa dhoruba. Mstari mkali ulikuwa umekatwa juu ya mteremko kama kwa kisu, na chini yake mawe ya theluji yalikuwa yamerundikana. Tukatazama, tukasema lo, tukaendelea.

Tukafika mahali njia inapogawanyika. Kuzunguka kwa msituni kulihitaji dakika kama arobaini zaidi. Njia ya mkato ilikuwa kukatiza chini ya uwazi mmoja ulio kama bakuli, na kulikuwa na nyayo za watu waliopita asubuhi. Mkuu akasema amepita hapo mara nyingi mno. Tukaingia njia ya mkato, mimi nikiwa wa mwisho.

Hapo ndipo niliposikia. Tulikuwa bado mitini, kabla ya uwazi. Nilikanyaga, na theluji yote iliyonizunguka ikashuka kidogo, kama sentimita mbili hivi, kwa pamoja, ikatoa sauti nzito: *hufu*. Kama gunia la mahindi linapotuliwa sakafuni katika chumba cha jirani. Mti mdogo kando yangu ukatikisika ukamwaga theluji yake.

Nilikuwa nimesoma ilani. Nilijua kuna dalili tano za kutazama: maporomoko ya karibuni, theluji inayopasuka au kudidimia kwa kishindo, theluji nyingi mpya, upepo unaorundika, na joto la ghafla. Ile sauti ndiyo ya pili kwenye orodha. Ni tabaka dhaifu linalovunjika chini ya miguu yako. Pale pangekuwa na mwinamo, ningekuwa tayari nimekwenda.

Na sikusema kitu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mgeni ni kuku mweupe, wahenga walisema, na katika theluji ile mimi nilikuwa kuku mweusi. Niliona aibu. Nilijiambia labda ndivyo theluji inavyolia, mimi mtu wa ikweta nitajuaje. Nilijiambia wao wana miaka ishirini na mimi nina saa mbili. Nilijiambia kama ni hatari wangekuwa wamesikia wao. Nilijiambia nimealikwa, na aliyealikwa hakosoi mapishi. Angalieni, wasomaji, katika sababu zote hizo hakuna hata moja inayohusu theluji. Zote zinanihusu mimi.

Tulitembea dakika kumi zaidi, mimi nikihesabu hatua. Tulipofika ukingoni mwa uwazi mkuu akageuka akauliza kama sote tuko sawa. Yule wa Colorado akanyosha kidole gumba. Mimi nikanyosha kidole gumba.

Yule msichana hakunyosha. Alikuwa amesimama anatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Kuna aliyesikia ile sauti kule nyuma? Mimi sitaki kupita hapa."

Yule wa Colorado akasema si kuna nyayo, watu wamepita. Msichana akarudia maneno yale yale, safari hii sauti ikitetemeka: sitaki kupita hapa. Hakutoa hoja, wala hakutaja digrii. Mkuu akatazama juu, akatoa rununu, akapima mwinamo wa bakuli kwa programu yake. Digrii 36. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nyuma.

"Wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu. Baridi yote ya Utah haikutosha kupoza uso wangu.

Tukarudi kwa njia tuliyojia, mmoja mmoja, kwa nafasi. Hakuna aliyezungumza sana hadi kwenye gari.

Sasa ningeweza kuwaambia kwamba usiku ule mteremko uliporomoka, na nyote mngesema Mungu mkubwa. Haukuporomoka. Wiki iliyofuata wenzangu walipita karibu, wakauona umechorwa nyayo na mistari ya watelezaji kila mahali, umetulia tuli. Yule wa Colorado alisema kwa mzaha wakati wa chakula cha mchana, "Mnaona? Ilikuwa sawa tu." Tukacheka. Lakini kicheko kile kilinisumbua.

Mlima ni mwalimu mbaya. Ukipita mahali hatari mara hamsini na pasiporomoke, kila mara unapewa alama ya pata. Unarudi nyumbani umejifunza kwamba uamuzi wako ni mzuri, kumbe mara kadhaa katika hizo hamsini ilibaki hatua moja, au kilo chache. Mlima haukuambii ni mara ngapi ulikaribia. Kwa hivyo miaka ishirini ya uzoefu inaweza kuwa miaka ishirini ya kujifunza uongo, tena kwa furaha. Wala simsemi mkuu vibaya. Ni mtu mwangalifu, na alipoambiwa alirudi. Nasema hata mtu mwangalifu anahitaji habari, na habari ile ilikuwa mfukoni mwangu.

Usiku ule nilikumbuka kitu. Chuoni, katika somo la kutengeneza kurasa za wavuti, mhadhiri alituonyesha makala ya gazeti la New York Times iitwayo *Snow Fall*, iliyotoka Desemba 2012. Sisi tuliokaa mbele ya tarakilishi siku hiyo tuliitazama kwa jicho la fundi: picha zinavyotembea unaposogeza ukurasa, ramani zinavyozunguka. Tulijadili jinsi ilivyotengenezwa. Sidhani kama kuna hata mmoja wetu aliyeisoma.

Basi niliisoma, miaka mingi baadaye, chumbani Salt Lake City. Inahusu poromoko la Februari 19, 2012, mahali paitwapo Tunnel Creek, karibu na Stevens Pass katika jimbo la Washington. Kundi kubwa la watelezaji hodari, baadhi yao mabingwa kabisa wa kazi hiyo, walishuka baada ya dhoruba. Watatu walikufa. Kilichonikaa ni kwamba kadhaa kati ya walionusurika walimweleza mwandishi, John Branch, kwamba walikuwa na mashaka kabla ya kushuka. Waliona kundi ni kubwa mno. Waliona siku si nzuri. Lakini walitazama kushoto na kulia, wakaona mabingwa wametulia, nao wakatulia. Na utulivu wao ukawatuliza wengine.

Yaani kila mmoja alikuwa akisoma kimya cha mwenzake kama jibu, na kimya chenyewe kilikuwa kimetengenezwa kwa njia hiyo hiyo.

Kuna mtafiti anaitwa Ian McCammon aliyechambua ajali 715 za maporomoko nchini Marekani, za miaka ya 1972 hadi 2003. Alitaka kujua kwa nini watu wenye mafunzo hufa mahali ambapo dalili zilikuwa wazi. Alichoona ni mitego ya akili: tumepazoea hapa, nataka wanione, tumeshajitolea kufika juu, kiongozi anajua, theluji hii haijaguswa na mtu tuiwahi, na wengine pia wanapita. Niliposoma orodha hiyo nilihesabu yetu ya Jumapili. Tulikuwa nayo karibu yote.

Vifaa navyo havikuokoi na mitego hiyo. Februari 6, 2021, katika bonde la Mill Creek, si mbali na pale nilipokuwa nikilala, makundi mawili tofauti yalikamatwa na poromoko moja. Watu wanane. Walikuwa na transiva, na fito, na mabeleshi, na walifukuana kwa mikono yao. Wanne walipona. Wanne, vijana wa rika langu, walikufa. Ilani ya asubuhi ile ilikuwa ngazi ya 4. Msimu ule wa 2020 na 2021 watu 37 walikufa kwa maporomoko ya theluji Marekani. Si kwamba hawakuwa na akili. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu nilipokuwa nikinyosha kidole gumba.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ndiyo iliyofanya makala hii ichelewe.

Nilipofika kazini Novemba, moja ya kazi zangu za kwanza ilikuwa kuandika skripti ya kutengeneza nakala rudufu ya hifadhidata kila usiku. Niliiandika, ikafanya kazi, na kila asubuhi ikanitumia barua pepe: imefaulu. Desemba niligundua kwamba ukubwa wa faili haukuwa ukiongezeka, ilhali wateja walikuwa wakiongezeka. Nikajiambia labda ni jinsi faili zinavyobanwa. Nikajiambia nitaangalia baada ya sikukuu. Nikajiambia kama kuna shida mtu angekuwa ameona. Mnazisikia sababu hizo? Ni zile zile.

Jumatatu baada ya mlima nilifika ofisini mapema, nikachukua nakala ya usiku uliopita, nikajaribu kuirejesha kwenye mashine tupu. Ilikatika katikati. Skripti ilikuwa ikitoa data na kuipitisha kwa programu ya kubana, kisha inaiuliza programu ya kubana peke yake: umemaliza salama? Nayo ilijibu ndiyo kila usiku, tena kwa uaminifu. Programu ya kwanza, iliyokuwa ikikwama kwenye jedwali moja isilo na ruhusa ya kulisoma, haikuulizwa na mtu. Majedwali yote yaliyofuata, ya malipo yakiwemo, hayakuwemo. Nakala kamili ya mwisho ilikuwa na umri wa wiki saba. Kwa wale wa Bash, dawa ni mstari mmoja, set -o pipefail. Uandikeni ukutani.

Wiki saba zile seva haikuharibika. Hakuna mteja aliyepoteza shilingi. Mteremko haukuporomoka.

Nikaenda kwa mkuu kabla ya mkutano wa asubuhi, nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza, akakuna kidevu, akauliza swali moja tu.

"Ulianza kushuku lini?"

"Desemba."

Hakuniuliza mbona sikusema. Hakuhitaji. Tulirekebisha siku hiyo hiyo, na tangu wakati huo tulijaribu kurejesha nakala kila wiki. Mwezi Mei mkataba wangu uliisha na haukuongezwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu hiyo, na huenda si hiyo. Ningesema uongo nikiwaambia sikuwahi kujuta kufungua mdomo. Nilijuta wiki nzima. Kisha nikawaza wiki ya nane, na ya tisa, na usiku ambao diski ingekufa kweli.

Yule msichana nilimshukuru siku ya mwisho. Nilimuuliza alipata wapi ujasiri. Akaniambia haukuwa ujasiri, alikuwa na hofu tu, na kazi yake ya kila siku ni kuwaambia watu waliochoka kwamba kitu chao hakiko tayari. Alisema wanapokwenda mlimani sasa wamekubaliana kitu kimoja: wa mwisho kwenye mstari ndiye anayeulizwa wa kwanza. Na swali si "mko sawa?", kwa sababu swali hilo kidole gumba kinalitosha. Swali ni "umeona nini, umesikia nini?"

Nimerudi Kenya na swali hilo, na nalitumia kila mara kabla hatujatoa toleo jipya. Naanza na aliye mgeni zaidi katika timu, mara nyingi mwanafunzi wa mafunzo ya kazi aliyekaa pembeni na kipakatalishi chake. Mara nyingi husema hajaona kitu. Siku moja moja anakohoa kidogo, anaanza kwa kusema "samahani, labda ni mimi sielewi", na hapo ndipo mimi hufunga kila kitu kingine nikamsikiliza.

Mama nilimsimulia nilipofika Nanyuki, yote, hadi kidole gumba. Alisema jambo moja tu: "Kumbe ulisikia." Kisha akaniongezea chai.

Je wewe, msomaji, kuna sauti uliyoisikia kazini kwako na ukaendelea kutembea? Niandikie hapo chini, hata bila jina. Na ile sehemu ya pili ya foleni za ujumbe inakuja wiki ijayo. Safari hii nimeijaribu kwanza.